Ludo ya kubonyeza ya Kariakoo: nimelipima dadu lake, na shida haiko mnakodhani

Wadau hii ni ya wale wanaouliza kila siku kuhusu ile ludo yenye kuba ya plastiki katikati, ile unabonyeza dadu linaruka tak humohumo ndani bila kushikwa na mtu, kama inacheza haki au kama kuna kitu kimechezewa. Mimi nimeinunua Kariakoo, mtaa wa Kongo, jamaa alianza na 25,000 tukabishana weee mpaka 18,000. Boksi halina jina la kampuni la maana, picha ya watoto wanacheka na maandishi ya Kichina, basi. Kwa hiyo msiniulize ni brandi gani, zote pale zinafanana na nadhani zinatoka mlango mmoja.

Vitu vidogo nivimalize haraka. Ubao ni plastiki ngumu, sio karatasi, hapo nimependa. Kete ni vijiti vyepesi vya kuchomeka kwenye tundu, mtoto akigusa meza vinachomoka, jiandae kupoteza viwili vitatu mwezi wa kwanza. Kelele zipo, usiku jirani anasikia tak tak tak mpaka saa sita. Faida yake kubwa ni kwamba dadu halipotei, halidondoki chini ya kochi na hakuna yule mtu wa kulidondosha taratibu toka kwenye kiganja likalala na sita juu halafu anakuapia mbele za Mungu kwamba amerusha. Hilo tu kwa kijiwe chetu lilikuwa linatosha kununua.

Sasa dadu. Lawama ya kwanza ya kila mtu ni "hii haitoi sita". Nimeisikia siku ya kwanza kabisa, mtu kakaa na kete zake nne ndani, maana bila sita kete haitoki nyumbani, anabonyeza tu wenzie wako nusu ya safari. Jamani hebu tupige hesabu kabla hatujamlaumu Mchina. Dadu lisilo na upendeleo linatoa sita mara moja katika sita kwa wastani, wastani tu, halina ratiba. Uwezekano wa mtu mmoja kubonyeza mara 10 bila kuona sita hata moja ni kama 16 katika 100. Sasa mko wanne mezani, uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atakaa mara 10 bila kutoka nyumbani unafika kama nusu. Nusu! Yaani kila michezo miwili, mmoja una mtu wa kununa, na hapo dadu ni safi kabisa. Kwa hiyo ule mnuno sio ushahidi, tuuweke pembeni.

Ushahidi unataka kuandika. Nikachukua daftari, mpwa wangu wa darasa la nne akawa mbonyezaji mimi karani, tukakubaliana kabla hatujaanza kwamba dadu likiegemea ukuta wa kuba likasimama upande upande halihesabiwi, unabonyeza tena. Hili msilidharau, ukianza kuamua katikati ya kazi kwamba "hii ni kama nne nne hivi" umeshaharibu kila kitu, maana jicho linaona linachotaka. Tukabonyeza 600, kwa nguvu, kwa kiganja, jioni kadhaa tofauti maana mkono unauma. Kwa nini 600? Kwa sababu kila upande unategemewa kutoka 100 na hesabu inakuwa nyepesi, hakuna siri nyingine.

Majibu: moja 93, mbili 108, tatu 99, nne 104, tano 90, sita 106.

Najua kuna mtu hapo ameshaona 90 na 108 ameshasema "si unaona". Tulia. Dadu safi halitoi 100 kila upande, likitoa 100 100 100 mpaka mwisho ndio ningeshtuka. Kuna kipimo kinaitwa kai-skwea, unachukua kila namba unatoa 100, jibu unalizidisha lenyewe kwa lenyewe, unagawa kwa 100, unajumlisha zote sita. Kwangu imetoka 2.66. Kwa kitu chenye pande sita mstari wa kushtuka ni 11.07, dadu safi linavuka hapo mara moja tu katika majaribio 20 ya namna hii. Mimi niko mbali na mstari. Wavivu wa hesabu, Excel inayo, inaitwa CHISQ.TEST, unaweka namba zako na zile 100, ila yenyewe haikupi 2.66, inakupa uwezekano wa dadu safi kutoa tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi, ukishuka chini ya 0.05 ndio ushtuke.

Kwa hiyo je dadu ni safi? Hapana, sijasema hivyo, nimesema sijalikamata. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanaopima madadu wanateleza hapa. Upendeleo mdogo hauonekani kwenye 600. Kuna Mwingereza mmoja, Weldon, mwanabiolojia, mwaka 1894 alikusanya matokeo ya kurusha madadu 12 kwa pamoja mara 26,306. Zidisha, ni pande 315,672. Akahesabu tano na sita zimetoka ngapi, zikaja 106,602 wakati zilitakiwa ziwe kama 105,224. Tofauti ya 1,378 tu kwenye laki tatu na ushee, lakini kwa wingi ule bahati peke yake haielezi. Karl Pearson alipotoa hiyo kai-skwea mwaka 1900 data hizohizo za Weldon alizitumia kama mfano, na jibu likawa madadu yale yana upendeleo. Sababu inayotajwa sana ni vile vitobo, upande wa sita umechimbwa vitobo sita, upande wa moja unaotazamana nao umechimbwa kimoja, basi sita ni mwepesi kidogo unapenda kukaa juu. Ndio maana madadu ya kasino vitobo vinajazwa rangi yenye uzito uleule wa plastiki iliyotolewa na pembe zinaachwa kali.

Halafu mwaka 2009 kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago, Zacariah Labby, akarudia kazi ya Weldon kwa mashine, boksi linatikisa madadu 12 kamera inapiga picha kompyuta inasoma, mara 26,306 zilezile. Huyu ndiye ningemtaka awe mpwa wangu. Alichokuta ni kwamba madadu yake yalikuwa mafupi kidogo kutoka upande wa moja kwenda wa sita, kama asilimia 0.2 tu, na dadu lililobapa kidogo hivyo linapenda kulalia pande zile mbili. Sasa dadu langu la 18,000 pamoja na ubao na kete 16, mnadhani limenyooka kuliko lile? Lazima lina kasoro. Ila kasoro ya kiasi hicho kwenye ludo ya jioni haimtajirishi mtu.

Nikafungua skrubu nne za chini nikalitoa dadu nikalitia kwenye glasi ya maji ya chumvi nyingi, chumvi mpaka inagoma kuyeyuka. Kama linaelea unalipiga piga kidole linazunguka, unaangalia upande gani unakuja juu. Likija sita, sita, sita kila ukilisukuma, ndani kuna povu la hewa au uzito umekaa upande. Langu lilikuwa linazunguka likitulia popote. Angalieni tu madadu mengine ni ya plastiki nzito hayaelei hata uweke chumvi ya Uvinza yote, hapo kipimo hiki hakikusaidii.

Basi ningeishia hapo ningewaambia nyota tano nunueni. Tatizo ni huyu mpwa.

Siku moja tunacheza, yeye kapata sita, na sita kwetu unabonyeza tena, nikaona habonyezi kwa kiganja kama kawaida, anashusha kuba kwa kidole gumba polepoleee halafu anaiachia polepole. Sita tena. Nikamuuliza unafanya nini wewe. Akanijibu bila hata kuona aibu, "Mjomba ukibonyeza kidogo inabakigi palepale." Darasa la nne! Sisi watu wazima tuna wiki kadhaa tunabishana Wachina wameweka sumaku, mtoto ameshapata mlango.

Nikarudi kwenye daftari, safari hii tukabonyeza 300 kwa ule mtindo wake, gumba, taratibu. Kila upande unategemewa 50. Zikaja moja 41, mbili 58, tatu 55, nne 43, tano 46, sita 57. Kai-skwea 5.68, bado iko chini ya 11.07, yaani kwa kipimo kile cha kwanza dadu limefaulu tena! Angekuja mtu na karatasi hii peke yake angesema hakuna shida. Lakini mimi nilikuwa nimeandika kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, sio vijiti vya kuhesabia tu, kwa hiyo nikaweza kuangalia kitu kingine: ni mara ngapi namba imejirudia palepale. Dadu safi halikumbuki limetoka wapi, kila mara uwezekano wa kurudia namba iliyopita ni moja katika sita, kwa hiyo kwenye 300 nategemea marudio kama 50. Nimepata 97.

Karibu mara mbili. Na upande wa pili wa shilingi ni mtamu zaidi: namba inayotazamana na iliyopita, mnajua pande zinazotazamana zinajumlisha saba, sita na moja, tano na mbili, tatu na nne, nayo ilitakiwa itoke kama mara 50, imetoka 19. Maana yake dadu halipinduki. Linaruka kidogo linarudi lilipokuwa, au linalala ubavuni kwa jirani, kupinduka kichwa chini miguu juu halina nguvu hiyo. Nikarudi kuangalia zile 600 za kiganja, marudio yalitakiwa kama 100 yakawa 109, hiyo ni kawaida haina neno.

Kwa hiyo mashine hii ina kumbukumbu, na kumbukumbu yake inategemea unabonyezaje. Namba zote sita zinapata haki karibu sawa ukijumlisha mwezi mzima, hakuna niliyoikamata inapendelewa, ila mtu anayejua sasa hivi juu kuna nini anaweza kuichezea. Ndio maana kuhesabu tu pande zimetoka mara ngapi hakutoshi. Fikiria dadu linalotoa moja mbili tatu nne tano sita, moja mbili tatu nne tano sita, mpaka kesho, kai-skwea yake ni sifuri, limenyooka kuliko madadu yote duniani, na mtoto yeyote atakufilisi nalo.

Na kwenye ludo hii kitu inauma mahali pabaya kabisa, kwa sababu ya zile sheria za sita. Sita inakutoa nyumbani, sita inakupa kubonyeza tena, na dadu haliondoki mezani, lipo palepale ndani ya kuba limelala na namba ya mtu aliyekutangulia. Aliyekutangulia kamaliza zake na sita? Kwetu zikija sita tatu mfululizo zinaungua na zamu inahama, sasa anayefuata anakuta sita imemlalia mezani anabonyeza kwa gumba. Kwenye zile 300, baada ya sita kutoka, inayofuata ilikuwa sita tena mara 19 katika 57. Theluthi nzima, badala ya moja katika sita. Sita tatu mfululizo kwa dadu safi ni moja katika 216, kwetu zilikuwa zinakuja hovyo hovyo tukawa tunasema mtu ana nyota.

Kwa nini inatokea, nilipofungua chini nimeona. Chini ya dadu kuna bati jembamba limepinda kidogo, ukishindilia kuba bati linabonyea, ukiachia linarudi kwa ghafla, ile tak, ndio inarusha dadu. Wazo lenyewe ni zuri na ni la zamani, Wamarekani wanayo toka 1965 kwenye mchezo unaoitwa Trouble wa kampuni ya Kohner Brothers, na kinachotakiwa ni bati lifyatuke kwa nguvu ileile hata abonyeze nani. Kwenye hii yangu bati ni laini mno, ukilishusha na kuliachia taratibu halifyatuki, linainuka tu kama mtu anaamka Jumatatu, dadu linainuliwa kidogo linawekwa chini. Na nina wasiwasi kadiri linavyotumika litazidi kulegea, mpaka hata kiganja kisaidie nusu nusu.

Dawa tumepata mbili. Ya kwanza, gumba marufuku, kiganja wazi, kelele ya tak isiposikika na meza nzima unarudia. Ya pili kwa watoto wasio na nguvu, wabonyeze mara mbili ndio isomwe. Nimepiga hesabu kwa namba zangu zilezile za gumba, ukibonyeza mara mbili marudio yanashuka kutoka kama 32 katika 100 mpaka kama 20, wakati dadu safi ni karibu 17. Mara tatu inakaribia zaidi ila mchezo unachosha na jirani anagonga ukuta.

Kuna watakaosema si ununue tu ile ya betri, kidude cha kitufe chenye taa nyekundu zinazowaka kama vitobo vya dadu. Ipo pale kijiweni, mwenzetu alitumiwa na shemeji yake, na mimi nilikuwa na imani nayo kweli maana haina bati wala kiganja. Nikamwambia tuijaribu kitu kimoja tu, toa betri, rudisha, bonyeza mara kumi andika. Toa betri tena, rudisha, andika. Zilikuja kumi zilezile kwa mpangilio uleule! Tukarudia tena, zilezile. Ile chipu ndani hairushi chochote, inapiga hesabu ndefu inayotoa namba zinazoonekana zimevurugika, lakini hesabu ikianza na namba ileile ya mwanzo inatoa mfululizo uleule siku zote. Zilizotengenezwa vizuri zinachukua mwanzo kutoka kwenye kitu kisichotabirika, mfano ni sekunde ndogo ndogo ngapi zimepita mpaka kidole chako kikagusa kitufe. Hii haikusumbuka. Mwenye nayo ameanza kubadilisha betri kabla ya kila mchezo anasema anatunza mashine, tumemwelewa.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili bora ya kuba, angalau hiyo mchezo mchafu unauona kwa macho na unausikia kwa masikio. Mimi naipa nyota tatu na nusu katika tano. Nusu nimekata kwa kete za kuchomoka, moja kwa bati. Kwa 18,000 ni sawa, kwa ile 25,000 ya mwanzo msithubutu.

Ukienda kununua usikubali iliyofungwa kwa gundi, mwambie afungue boksi na uombe zile zenye skrubu chini. Bonyeza kwa kiganja mpaka ije namba yoyote, halafu ishushe na kuiachia kwa gumba taratibu kabisa mara kumi na tano hivi mfululizo, uangalie dadu lenyewe linafanya nini badala ya kuangalia namba. Likipinduka kweli, hata mara chache likaenda upande wa chini, lipa. Likiwa linainuka na kulala palepale palepale, mrudishie umwambie alete nyingine, bati zinatofautiana hata kwenye katoni moja, mwenzangu alipata yenye bati gumu dukani hapohapo kwenye boksi la tatu. Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo. Muache aangalie.